Kifaru Kile, Kifaru Yule

Askari wa kuchezea akiwa peke yake hana maswali mengi. Anasimama kwenye rafu, bunduki begani, mguu mmoja mbele, na hatua anayopiga ni ileile aliyotoka nayo kiwandani. Mwekee wenzake saba kando yake, tayari una gwaride. Lakini siku utakapomletea gari, utulivu umekwisha. Gari linataka barabara. Linataka dereva, mafuta, mzigo, na watu wa kulisukuma likinasa topeni. Tena linataka vipimo. Askari aliye peke yake anaweza kuwa mrefu au mfupi apendavyo, ila akisimama kando ya mlango wa lori, kila mtu anaona kama anaweza kuingia au hawezi.

Mimi nilianza na askari tu. Ninaishi Coventry, Uingereza, na kazi yangu ni udereva wa basi. Jumapili nisipokuwa zamu huenda kwenye magulio ya vitu vya kuchezea vya zamani, yanayofanyika katika kumbi za michezo, ambako wazee hukaa nyuma ya meza na chupa zao za chai. Kwa miaka 11 nimekusanya askari 42. Wengi wao ni wa Britains, kampuni ya London ambayo mwaka 1893 ilianza kutengeneza askari walio wazi ndani. Risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu, ya pembeni ikaganda, na iliyobaki katikati ikamwagwa kabla haijashika. Askari alitoka mwepesi, na bei yake ikawa nafuu. Nikisema risasi nina maana ya madini, si ile ya bunduki, ingawa Kiswahili hakikuona haja ya kuzitenganisha. Urefu wao ni milimita 54, na hata huo haukutokana na jeshi lolote: ulichaguliwa ili walingane na treni za kuchezea za wakati ule. Mwaka 1966 Britains waliacha kutumia risasi, kwa sababu ni sumu, na mtoto hutia kila kitu mdomoni.

Niliowatafuta kuliko wote ni King's African Rifles, wale ambao wazee wa kwetu Tanga waliwaita Keya. Britains waliwatengeneza pia, tarbushi kichwani na bunduki begani. Nilipata wanane, mmoja akiwa amekatika mkono, kwa bei ambayo mke wangu aliiuliza mara mbili.

Sababu ni babu yangu mzaa mama. Alikuwa jeshini katika Vita Kuu ya Pili. Alifariki mwaka 1983, nami nilikuwa na miaka sita, kwa hiyo ninachokumbuka ni kikohozi chake na harufu ya mafuta ya gari kwenye koti. Picha yake akiwa na sare haipo. Vilivyobaki ni vitu viwili. Cha kwanza ni karatasi ya kuachishwa jeshi, iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imekuwa matundu, yenye herufi EAASC, yaani East African Army Service Corps, kikosi cha uchukuzi na ugavi. Cha pili ni kauli ya wajomba zangu, ambayo watoto wote wa mtaa wetu waliijua: mzee aliendesha kifaru Burma.

Vitu hivyo viwili havikupatana. Kikosi cha ugavi hubeba unga, maharage, mafuta na risasi (hizi sasa ni za bunduki). Hakipewi vifaru. Kwa hiyo, ingawa kila gulio lina vifaru vya kila aina, vidogo kama kiberiti na vikubwa kama tofali, sikununua hata kimoja. Niliwaacha askari wangu wa Keya waendelee kutembea.

Kisha mama akaja. Alifika mwezi wa Novemba, kwa viza ya miezi sita, akiwa na makoti mawili aliyoazimwa na shoga yake. Kitu cha kwanza alichokiona sebuleni ni kabati la kioo.

"Masanamu haya yote ni ya nani?"

"Yangu, mama."

"Na humu ndani mnasali?"

Nilimweleza kwamba wanazuoni wamelizungumza jambo hili, na kwamba vitu vya kuchezea vina ruhusa yake.

"Vya watoto," akasema. "Wewe una miaka mingapi, baba?"

Tulipatana. Kabati likahamia ukumbini, kati ya mlango wa choo na ngazi, na kila ulipofika wakati wa sala mama alilifunika kwa kanga. Wiki za mwanzo kanga ilikaa hapo kutwa. Halafu asubuhi moja nilirudi kutoka zamu ya usiku nikamkuta amevuta kiti mbele ya kabati, kanga iko begani kwake, miwani puani, anawatazama Keya mmoja mmoja kama anayekagua mchele.

"Wote wanatembea," akasema.

"Ni askari wa miguu, mama."

"Baba yangu hakutembea. Alisema alitembea wakati wa mafunzo tu, kisha wakampa usukani. Gari lake liko wapi?"

Nikamwambia silo peke yake, magari yote hayapo. Akafikiri kidogo. "Gari halina roho," akasema. "Hilo hata sebuleni liweke."

Ndivyo nilivyoanza kutafuta gari, kwa fatwa ya mama.

Anayetafuta gari la jeshi la zamani huku Uingereza hukutana kwanza na Dinky. Magari hayo ya chuma yalitengenezwa Liverpool, kwenye kiwanda cha Meccano cha Binns Road, mpaka kilipofungwa mwaka 1979. Katika miaka ya 1950 walitoa msururu mzima wa magari ya kijeshi, yote kwa rangi ya kijani iliyokolea. Nilinunua lori la turubai, namba 623, lenye urefu wa sentimita 10 hivi, rangi imebanduka kwenye kingo kwa kusukumwa na mikono ya mtoto ambaye sasa huenda ni babu wa mtu. Ni kitu kizuri. Ukilishika unahisi uzito wake kabla hujaliona vizuri.

Nikalipeleka nyumbani, nikamsimamisha askari mmoja wa Keya kando yake. Kichwa chake kilipita paa.

Hesabu yake ni rahisi. Askari wa milimita 54 ukimzidisha mara 32 unapata mtu wa mita 1.73, mtu wa kawaida. Magari ya jeshi ya Dinky yako karibu na uwiano wa 1:60. Mzidishe askari yule mara 60 na utapata jitu la mita 3.24. Mama hakuhitaji hesabu. "Huyu ataendesha akiwa amekaa juu ya turubai," akasema.

Watoto waliochezea vitu hivi hawakujali, na wala sisi hatukujali. Gari langu la kwanza lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu yake yamekatwa kwenye soli za kandambili, usukani ni fimbo ndefu yenye duara la waya. Abiria walikuwa visoda. Hakuna aliyeuliza kama kisoda kinaweza kufika kwenye breki. Lakini nilichokuwa nikikitafuta safari hii si mchezo, ni mahali pa mtu mmoja, na mahali pa mtu lazima pamwenee.

Kuna magari ya zamani yanayolingana na askari hawa. Britains wenyewe waliyatengeneza kabla ya vita, na mwenye fedha anayapata. Mimi bei yake ilinipita. Isitoshe, magari ya kuchezea ya miaka hiyo yana maradhi yake. Zinki ikichanganyika na risasi kidogo wakati wa kuyeyushwa, gari linatoka zima na linaonekana zima, kisha baada ya miaka linaanza kuvimba na kupasuka. Muuzaji mmoja alinionyesha gari la aina hiyo ndani ya sanduku lake la asili. Sanduku lilikuwa jipya kabisa, gari limekuwa vipande kama biskuti iliyokanyagwa. Hakuna gundi ya kulitibu. Askari wa risasi nao wana ugonjwa wao: unyevu, na tindikali inayotoka kwenye mbao kama za mwaloni, huwageuza kuwa unga mweupe. Ndiyo sababu kabati langu ni la chuma na kioo, na ndiyo sababu sitawapeleka Tanga, kwenye hewa ya chumvi, hata siku nitakaporudi mwenyewe.

Ikabaki njia ya tatu, kuunda. Kuna vipande vya plastiki vya kuunda lori la Chevrolet C60L kwa uwiano wa 1:35. Kwa uwiano huo askari wangu anakuwa na mita 1.89. Watu warefu hivyo hawajai Tanga, lakini wapo, nao hupanda malori.

Lori lenyewe ni la Kanada. Wakati wa vita viwanda vya Ford na General Motors vya kule viliunda malori ya jeshi kwa muundo mmoja, na kwa jumla Kanada ilitoa zaidi ya magari 800,000 ya kijeshi. Jeshi la Uingereza liliyatumia kila lilikopigana. Ukiyaona mara moja hutayasahau. Pua yao ni fupi kama ya paka, na kioo cha mbele kimelala kinyume, juu kimetokeza na chini kimerudi ndani, kana kwamba gari limekunja uso kwa jua. Ili kufupisha pua, wahandisi waliisukuma injini mpaka ndani ya kibanda, katikati ya dereva na mwenzake.

Sanduku lilipofika niliacha kifuniko mezani nikaenda kujaza chai. Niliporudi mama alikuwa amelishika kifuniko kwa mikono miwili.

"Hili ndilo."

"Ndilo lipi, mama?"

Hakujibu. Aliketi, akavuta gauni mpaka chini ya goti, akanionyesha mguu wa kulia. Kovu lile nimelijua maisha yangu yote, jeupe, la urefu wa kidole, upande wa nje wa muundi. Tulikua tukijua kwamba mama aliungua utotoni, na watoto wa kwetu kuungua ni jikoni. Hatukuuliza.

Sasa akasimulia. Baada ya vita malori ya jeshi yaliuzwa, na tajiri mmoja wa uchukuzi alinunua kadhaa ya kubebea mkonge. Babu aliyejifunza udereva kwa gari hilo jeshini akaajiriwa kuliendesha tena uraiani, kutoka mashambani Muheza na Korogwe hadi Tanga mjini. Siku ambazo shule ilifungwa alimchukua mama, akiwa msichana wa miaka saba au minane, akamkalisha kushoto kwake. Injini ilikuwa pale katikati, chini ya kifuniko cha bati, na babu alikuwa amekikunjia gunia ili mtoto asiungue. Kwenye korongo moja gunia liliteleza.

"Hakusimama," mama akasema. "Breki zilikuwa mbovu na tulikuwa tunateremka. Alinishika mguu kwa mkono mmoja, mkono mwingine usukani, mpaka tukafika chini. Ndipo akalia yeye."

Kisha, kama anayerudi kwenye jambo lililo wazi, akaniuliza, "Na kifaru yuko wapi?"

"Kifaru gani, mama? Kile walichosema wajomba?"

"Si kile. Yule. Mwenye pembe. Alikuwa kwenye madigadi."

Nilikaa chini. Idara ya 11 ya Afrika Mashariki, jeshi la Keya lililopelekwa Ceylon mwaka 1943 na kuingia Burma mwaka 1944, alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Ilishonwa begani kwenye sare na kupakwa kwenye magari. Babu alipowaambia watoto wake kwamba Burma alikwenda na kifaru, alisema kweli tupu. Wajomba walisikia kile, dada yao akasikia yule, na kwa miaka 60 na zaidi hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Wala sidhani kwamba kweli hiyo ni ndogo kuliko ile ya wajomba. Idara ile iliteremka Bonde la Kabaw katika msimu wa mvua. Barabara ilikuwa tope, chakula kikadondoshwa kwa ndege kwa sababu magari hayakuweza kupita, na mwezi wa Desemba 1944 wakavuka mto Chindwin karibu na Kalewa, mahali ambapo wahandisi walitandika daraja la zaidi ya mita 350. Lori lililofika huko lilifika kwa kusukumwa na kuvutwa kwa kamba, na dereva wake alikuwa na kazi kila saa ya siku. Wajomba walitaka bunduki kubwa iwepo kwenye hadithi. Lakini mtu akikaa na gari lake miezi kadhaa topeni bila kulitupa, hiyo nayo ni vita.

Niliunda lori majira yote ya baridi, kwa kibano, tupa na msasa, mama akiwa upande wa pili wa meza anachambua mchele ambao tayari ulikuwa safi. Alinisahihisha turubai: halikukazwa kama ngoma, lililegea katikati na kushika maji. Alinisahihisha mzigo. Nilikuwa nimepanga majerikani, akasema babu alizungumzia madebe. Nilichunguza nikaona ana hoja. Mafuta ya jeshi la Uingereza yalisafirishwa katika makopo mepesi ya galoni nne yaliyovuja kila yalipogongana, na jerikani, ambalo asili yake ni la Wajerumani, lilisambaa baadaye. Debe ndilo tunalopimia mahindi mpaka leo. Nikakata madebe 60 ya plastiki, kila moja lina urefu wa sentimita 1 hivi, nikayapaka rangi ya bati.

Kilichotukwaza ni dereva.

Magari ya Dinky niliyonayo yanaye, amekaa nyuma ya usukani, na uso wake ni wa waridi. Sikuwahi kuona gari la kiwandani, la enzi ile au la sasa, lenye dereva mwenye uso kama wetu. Viwanda vilitupa askari wa kutembea. Kwa hiyo nilikuwa nimetafuta mtu wa plastiki aliyekaa, nimemkata mikono nikaiunganisha upya ishike usukani, nimemvika kofia pana ya Burma, na nilikuwa nachanganya rangi ya uso kwenye kisahani.

"Unamtengeneza nani?" mama akauliza.

"Dereva."

"Dereva gani?"

Nilinyamaza.

"Hawa wa kabatini hawana majina," akasema. "Nimewazoea. Huyo ukimkalisha hapo atakuwa na jina, na jina hilo ni la baba yangu. Baba yangu amelala Pongwe. Hakai ndani ya plastiki."

Nilijitetea. Nilimwambia kwamba kiti kikiwa kitupu, atakayetazama atasema lori hili lilijiendesha, au atamweka kichwani mwake yule mwenye uso wa waridi, maana ndiye aliyezoeleka. Nilimwambia huko ndiko kufutwa. Nilisema mengi, na bado naona yalikuwa na uzito. Mama alisikiliza yote. Kisha akaligeuza lori la Dinky juu chini, akanionyesha tumbo lake la chuma, pale jina la aliyelitengeneza lilipochorwa.

"Hawa wameandika jina lao hapa, na hawamo ndani," akasema. "Nawe andika."

Hatukukubaliana siku ile. Mtu wa plastiki alikaa kwenye kisahani siku nne, mikono mbele, anashika hewa. Siku ya tano nilimrudisha kwenye boksi la vipuri. Kwa brashi ya nywele chache niliandika chini ya fremu, kati ya ekseli mbili, jina la babu na namba yake ya jeshi kutoka kwenye ile karatasi. Halafu nikachora kifaru kwenye madigadi ya kushoto, kichwa tu, pembe mbili, milimita 5. Ilinichukua jioni tatu.

Lori liko sebuleni, kama mama alivyoruhusu. Askari wa Keya wamebaki ukumbini, na kwa kuwa hawalioni nadhani hawana wivu. Watu wakija hulichukua kwanza kutazama madebe, wakishalipindua husoma. Wengine huuliza ni jina la nani, wengine hulirudisha taratibu bila kuuliza.

Mama aliondoka mwezi wa Aprili. Kabla hajaenda alinitaka nipige picha ya lori niitume kwenye kundi la familia, ili suala la kifaru liishe. Nilituma picha na maelezo marefu, yenye Idara ya 11, Bonde la Kabaw na mkonge wa Muheza. Mjomba mdogo alijibu kwa dua. Mjomba mkubwa, ambaye ana miaka 80 na hupendelea kutuma sauti, alikaa kimya siku mbili. Kisha akatuma.

"Kazi nzuri sana, mjomba. Lori zuri. Sasa tuonyeshe kifaru."

Mama alinipigia usiku uleule anacheka mpaka akakohoa, kikohozi cha baba yake. Nikawasha taa ya meza, nikaisogeza karibu na madigadi, nikapiga picha nyingine.